Mota Isiyoning'ata

Tarehe 3 Machi, Jumatatu

Nina miaka sabini na mmoja. Nimewazika wake wawili na mwanangu wa pekee. Wasimamizi watano wa ujenzi waliapa kunitoa kazini, wote wameondoka, mimi nipo. Mwaka wa mafuriko ukuta uliniangukia. Ukuta wakaubomoa, mimi wakaniacha.

Naandika mwenyewe kwa mkono wangu. Shule niliiona miaka mitatu, akachoka mwalimu, si mimi. Naandika kwa sababu msimamizi mpya ameniambia leo, mvua ikitunyeshea sote wawili, "Mzee, tukimaliza slabu ya juu ya hii wodi, ukapumzike." Sawa. Basi ijulikane slabu hiyo, hilo paa la zege, ilitetemeshwa na nani. Nataka kuimaliza kwa mkono wangu. Baada ya hapo waniite wanavyotaka.

Kwa asiyejua kazi yangu. Zege likimwagwa lina hewa ndani. Usipoitoa linakauka na matundu, na nyumba yenye matundu siku moja inakuja kuwakalia watu. Ya kutoa hewa ni mashine yangu. Kuna mota ya umeme, nzito kama mbuzi aliyeshiba. Kwenye mota unachomeka mkia, bomba refu la mpira lenye waya mnene wa chuma unaozunguka ndani. Mwisho wa mkia kuna rungu la chuma. Mota inazungusha, mkia unapeleka, rungu linatetemeka. Ukiwasha haliamki mpaka uligonge kidogo kwenye ubao, kama mtoto wa shule asubuhi. Likiamka unalizamisha wima kwenye zege, hewa inabubujika, unalitoa polepole. Usiliache likitetemeka nje ya zege, litaungua. Rahisi kusema. Wengi wamejaribu wakakata mikia.

Hapa kazini wananiita Mzee Mtetemo. Sijawahi kukata mkia.

Tarehe 4

Mvua.

Tarehe 5

Mvua. Tulikaa stoo juu ya mifuko ya saruji tukatazamana kama abiria.

Tarehe 7, Ijumaa

Tumemwaga nguzo nne. Msimamizi amenipa msaidizi wa kubeba mota na kushika mkia. Katika watu wote waliopo, amenipa mkamwana wangu.

Huyu ni mjane wa mwanangu. Baada ya mazishi nilitegemea arudi kwao. Akasema kwao hakuna mtu. Akabaki nyumbani kwangu, anapika, anafagia, anabeba mchanga hapa kazini. Ni mtu wa maneno machache na macho mengi. Sipendi kutazamwa.

"Baba, nishike wapi?"

"Shika mkia hapo katikati. Usiukunje kama kamba ya ndoo. Ukiukunja, waya wa ndani unajisaga, unachemka, unakatika. Na usichomeke wala kuchomoa mkia kabla hujatoa plagi ukutani. Umesikia?"

"Nimesikia. Na mota nayo?"

"Isikae kwenye maji. Iweke juu ya ubao."

"Mbona wewe unaiburuta kwa waya wake wa umeme?"

"Mimi ni mimi."

Akainyanyua mota kwa mpini wake, akaiweka juu ya ubao kama anayelaza mtoto. Watu wanapenda kujionyesha.

Tarehe 11, Jumanne

Leo vichekesho. Tunamwaga nguzo za upande wa choo, mkamwana akaruka nyuma kama amekanyaga nyoka.

"Baba, hii mota inang'ata."

"Inang'ata nini?"

"Inachomachoma. Vidoleni mpaka huku kwenye kiwiko."

Nikaja, nikaweka viganja vyangu vyote viwili juu ya mota, inaunguruma, nikavibakiza hapo huku nikiwatazama watu.

"Hayo meno yako wapi?"

Vibarua wakacheka. Mmoja akasema, "Dada, hiyo mashine ina wivu. Imeshaolewa na mzee." Nikawaambia ndiyo, ni mke wangu wa tatu, na huyu ndiye pekee atakayenizika. Wakacheka tena. Mkamwana hakucheka. Alikuwa anafuta mikono kwenye kanga yake, anavitazama viganja vyangu.

Tarehe 12

Nimechoka. Mabega yamekuwa ya mtu mwingine. Vifungo vya mashati ya siku hizi wanavifanya vidogo mno, asubuhi nilipambana navyo mpaka nikatoka na shati wazi. Na hii penseli ni mbovu, inanianguka.

Tarehe 14, Ijumaa

Amekuja fundi umeme. Kijana mwembamba, mfukoni ana testa, ile bisibisi yenye taa ndani, anaitoa kila mara kama karani. Nimempa jina la Kalamu. Ameleta boksi lenye swichi ya usalama, akalifunga ukutani, akaniambia mashine ichomekwe humo tu.

"Umeme ukitoroka, hii inakata kabla mtu hajaumia."

"Utoroke uende wapi?"

"Kwenye mwili wa mota, mzee. Halafu kwako."

"Kwangu haujawahi kufika. Labda unaogopa njia."

Akawasha mota yangu kwenye boksi lake. Pa! Ikakata. Akawasha tena. Pa! Akasema, "Unaona? Niifungue niangalie." Nikamwambia mota yangu haifunguliwi na mtu ambaye nilianza kutetemesha zege kabla mama yake hajaolewa. Akatabasamu, ana adabu, hilo simnyimi. Akasema pia kwamba mtu asishike rungu muda mrefu bila kupumzisha mikono, mtetemo unakula vidole polepole, damu haifiki. Nikamwonyesha vidole vyangu. Kumi, vyote vipo.

Msimamizi alikuwa anamwita aende kwenye jengo jingine. Akaondoka akisema atarudi wiki ijayo, na mpaka arudi mota isiguswe. Msimamizi akaitikia "sawa, sawa" huku anaangalia mawingu.

Tarehe 15

Mvua. Mgongo.

Tarehe 18, Jumanne

Nataka kuandika hii vizuri kwa sababu nilikuwa na haki. Tulikuwa tumeanza kumwaga mihimili. Kila nikiwasha, boksi la Kalamu pa! Zege liko ndani ya mbao, linaanza kushika, vibarua wamesimama na ndoo vichwani. Msimamizi anapiga kelele. Nikachomoa plagi kwenye boksi, nikaenda stoo, nikachomeka kwenye ile soketi ya zamani ya ukutani. Mota ikaimba. Msimamizi aliniona. Akageuza uso, akasema, "Mzee, maliza."

Nikamwambia mkamwana asogeze mota.

"Sishiki."

"Sogeza mota, zege linakauka."

"Baba, sishiki. Wiki iliyopita ilinipiga. Leo hakuna kitu cha kuikata."

Watu wote wakasikia. Mimi nina miaka arobaini kwenye kazi hii, ananijibu mtoto mbele ya watu. Nikamwambia, "Mwanangu angeshika."

Hakulia. Akauweka mkia chini taratibu, akaunyoosha usikunjike, kama nilivyomfundisha, kisha akarudi kwenye mchanga.

Mota niliivuta mwenyewe, kwa waya wake, mpaka mwisho wa mihimili. Haikunifanya kitu. Nilimaliza. Mihimili yangu haina tundu hata moja.

Tarehe 19

Mvua. Hatusemezani.

Tarehe 20

Mvua. Chakula nilikikuta mezani kimefunikwa. Hakuniita kula, nami sikuita mtu.

Tarehe 22, Jumamosi

Imetokea jambo.

Jioni mkamwana alikuwa uani anaanua nguo, mvua imemkimbiza. Uji unafurika jikoni. Nikaingia, nikaishika sufuria, nikaipua, nikaipeleka mezani. Nikaiweka. Sikumwaga hata tone. Yeye akaingia na nguo begani, akasimama mlangoni.

"Baba, umeshika na nini?"

"Na mikono. Watu hushika na nini?"

Nguo zikamwanguka. Akanishika kifundo cha mkono, akanigeuza kiganja juu. Ngozi ilikuwa nyeupe, halafu tukiwa tunaitazama ikaanza kuinuka, kama chapati kwenye kikaango. Mimi sikusikia maumivu. Nilisikia joto kwa mbali, kama watu wanaoongea chumba cha pili.

Akaniingiza mkono kwenye beseni la maji. Tulikaa hivyo. Kisha akachomoa pini kwenye kanga yake.

"Tazama kule ukutani. Nachoma kidole gani?"

"Hicho cha kati."

"Na sasa?"

"Bado hujachoma."

Nilipogeuka, damu ilikuwa imetoka kwenye vidole vitatu.

"Haikung'ati kwa sababu husikii," akasema. Hakusema kwa kushinda. Afadhali angesema kwa kushinda. "Na kazini unavaa mabuti mazima ya mpira. Hiyo mota haikujui, baba. Haimjui mtu."

Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza. Ana namna ya kunyamaza inayopiga kelele nyumba nzima.

Baadaye nikamwuliza, "Nani mwingine anajua habari ya vidole?"

"Hakuna."

"Basi abaki hakuna. Slabu ni Ijumaa. Nikiimaliza nitakaa nyumbani, utanichoma pini mpaka uchoke."

Mkono umefungwa kitambaa. Naandika kwa shida. Ni uchovu tu.

Tarehe 24, Jumatatu

Msimamizi amepanga kazi ya Ijumaa. Lori la zege limeshaagizwa. Nitashika rungu. Kibarua aliyekuwa anibebee mota ameumia mgongo, kwa hiyo msimamizi akasema, "Mota atabeba mkamwana wako. Anajua."

Nilijua atakataa. Nikasubiri akatae. Akasema, "Sawa."

Nikamfuata kwenye mapipa ya maji.

"Kwa nini umekubali?"

"Nikikataa mara ya pili nitafukuzwa. Tutakula nini?"

"Ungesema inang'ata."

Akanitazama moja kwa moja, kitu ambacho huwa hafanyi. "Nilisema. Wewe ndiye uliyesema haing'ati, baba. Mbele za watu. Sasa nani ataniamini mimi?"

Mabuti yake yana ufa kwenye visigino. Nilikuwa najua siku zote kwamba yana ufa. Leo ndiyo nimeyaona. Ijumaa atasimama juu ya nondo zilizoloa maji, kwenye zege bichi, na mota mkononi.

Tarehe 25

Mvua. Sikula.

Tarehe 26, Jumatano

Wengine walikuwa wanakula mchana. Niliingia stoo peke yangu. Nikachomeka mota kwenye soketi ya zamani, nikawasha. Mtu mwenye akili angemngoja mwenye testa. Nami nasema wazi, asitokee mtu akafanya nilichofanya, kwa sababu niliyefanya nilikuwa mpumbavu wa miaka sabini na mmoja na nimepona kwa bahati.

Niliweka kiganja kizima juu ya mota. Hakuna kitu. Kisha nikakunja mkono wa shati, nikaegemea ukuta uliolowana, nikaigusisha kwa kiwiko.

Kiwiko changu hakijazeeka.

Nilijikuta nimekaa chini kati ya mifuko ya saruji, meno yanagongana, mdomoni ladha ya misumari. Mota bado inaunguruma palepale, haina habari na mimi. Nilijikokota mpaka ukutani nikachomoa plagi.

Sijui nilikaa muda gani. Niliwaza lile neno nililomwambia. Mwanangu angeshika. Ndiyo, angeshika. Angeshika kwa sababu mimi ningemwambia ashike, na yeye hakuwahi kunibishia hata siku moja. Ningemwua kwa mdomo wangu na ningesema ni umeme.

Huyu mwanamke amenibishia. Ndiyo maana yuko hai.

Tarehe 27, Alhamisi

Asubuhi kabla ya kazi kuanza nilimwendea msimamizi, watu wakiwa wanavaa mabuti.

"Mota mbovu. Ina umeme kwenye mwili. Kesho haiwashwi mpaka fundi aifungue."

"Mzee, lori la zege kesho saa mbili. Leo ndiyo unaniambia?"

"Leo nakuambia. Fundi alikuambia wiki mbili zilizopita."

Hapo akaona aibu, na mtu mwenye aibu anakuwa mkali. "Wewe mwenyewe umeiendesha mihimili yote! Umeiwekea mikono watu wakiona! Kesho huyu mama atavaa glavu, siku moja tu, tumalize."

"Hatavaa kitu."

"Mimi ndiye msimamizi hapa."

Ni kweli. Ndiyo maana sikubishana. Nikachukua mkasi wa nondo, nikaukata waya wa mota karibu na plagi, plagi nikaitia mfukoni. Haikuwa imechomekwa, msiniulize.

"Umefukuzwa!"

"Nifukuze. Lakini kwanza tafuta plagi."

Vibarua walitaka kucheka wakaona uso wangu wakaacha. Msimamizi akavuta pumzi, akauliza taratibu, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kelele zote, "Haya, mzee. Kama ina umeme, mbona wewe haikupigi?"

Mkamwana alikuwa kwenye mchanga. Alikuwa anajua jibu. Akainamisha kichwa, akaendelea na koleo lake. Hakusema. Hata baada ya yote niliyomfanyia, alinitunzia.

Nikanyoosha mikono mbele yao wote. "Kwa sababu haisikii. Imekufa hii. Mashine imeila. Mnichome mkitaka."

Hakuna aliyenichoma. Yule kibarua wa vichekesho akavua kofia, sijui kwa nini, kama kwenye msiba.

Msimamizi akampigia simu Kalamu, akafika saa nne. Akaifungua mota juu ya meza, nikaruhusu. Pale waya wa umeme unapoingia, mpira ulikuwa umelika, shaba iko wazi inagusa chuma. Waya wa ardhi, ule wa kuupeleka umeme chini badala ya kwa mtu, ulikuwa umechomoka kabisa.

"Hii imeburutwa sana kwa waya wake," akasema. Alisema akiiambia mota. Wote wakatazama sehemu nyingine, kwa heshima.

Akaweka waya mpya, akafunga waya wa ardhi, akaweka kibano cha kuushika usivutike. Akachomeka kwenye boksi lake. Mota ikaimba na boksi likanyamaza. Akagusa mwili wa mota kwa testa, taa haikuwaka. Akairudia mara nyingi kuliko alivyohitaji. Nadhani alinifanyia mimi.

Msimamizi akauliza nani sasa atashika rungu, maana mtu asiyesikia vidole hapandi kule juu.

"Mkamwana wangu."

"Mwanamke? Slabu nzima?"

"Amefundishwa na nani?" nikamwuliza.

Tarehe 28, Ijumaa

Nimechoka mpaka kwenye nywele.

Nilimpa mabuti yangu, akajaza vitambaa vidoleni. Msimamizi aliniruhusu nikae juu ya ubao karibu na mota kama mlinzi. Sikuigusa. Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele mtu akikaribia na maji, na kuhakikisha waya hauvutwi. Mvua ilikuwa nyembamba, tuliifunika mota kwa kibanda cha bati lakini pembeni tukaacha wazi ipate hewa.

Akaligonga rungu kwenye ubao, likaamka. Akalizamisha.

"Wima!" nikamwambia. "Usililaze! Usiguse nondo! Litoe polepole, unakimbilia wapi!"

"Baba."

"Nini?"

"Nyamaza nisikie zege."

Alikuwa sahihi, zege lina sauti yake. Likiwa na hewa linanguruma nzito, hewa ikiisha sauti inakuwa laini. Hilo sikuwahi kumfundisha. Alilisikia mwenyewe kule kwenye mchanga, amepinda mgongo, mimi nikidhani hayupo.

Nikanyamaza. Jamani, ni kazi ngumu ile.

Kila baada ya sehemu moja alimpa rungu yule kibarua wa vichekesho, akakaa chini, akasugua vidole, akaviweka kwapani vipate joto. Mara ya kwanza aliniangalia kuona kama nitamcheka. Sikumcheka. Nilikuwa natamani mimi ndiye niwe nalishika lile rungu. Lakini nilikaa juu ya ubao wangu. Slabu ikaisha na mwanga wa jioni bado upo.

Tarehe 31

Mvua. Nimelala mchana kutwa.

Tarehe 5 Aprili

Daktari amesema vidole vinaweza kurudi kidogo, au visirudi. Amesema ningeacha mapema. Kila mtu anajua mapema ilikuwa lini, isipokuwa siku yenyewe.

Tarehe 25 Aprili, Ijumaa

Mvua zimekwisha. Wametoa mbao chini ya slabu. Walinipeleka nikatazame. Nilitembea chini yake nimeinua kichwa mpaka shingo ikakaza. Laini, kijivu, tundu hakuna. Ni slabu bora kuliko zangu nyingi, na mimi nimetetemesha nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Mimi sikuishika. Naandika hivyo hapa kwa sababu nilisema mwanzo ijulikane nani aliitetemesha, na aliyeitetemesha ni yeye.

Asiyeamini habari hii, wapo wa kuulizwa. Msimamizi yupo, ingawa atasema nilikata ile plagi kwa wazimu. Fundi umeme yupo, ni mkweli ila ana maneno mengi. Lakini mwanze na mkamwana wangu. Mtamkuta kazini, anajenga ukuta wa tangi la maji upande wa nyuma, yeye ndiye mwenye mashine sasa. Msimsemeshe akiwa na rungu mkononi. Subirini azime, achomoe plagi, akae. Ndipo mumwulize. Na akiwaambia tofauti na nilivyoandika mimi, shikeni lake.